Wagiriki na Warumi katika Madarasa ya Kati: Maoni Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ziara ya kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mkoani Mbeya, niliketi nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza katika shule moja ya sekondari. Somo lilikuwa historia, na mada ilikuwa vyanzo vya historia. Mwanachuo aliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba Herodotus ni baba wa historia. Wanafunzi, waliozidi sitini, waliinakili kwa hati nzuri, wakaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na somo likaendelea. Wakati wa mapumziko nilimwita kijana mmoja nikamwuliza kwa Kiswahili huyo Herodotus alikuwa nani. Alisimama wima akajibu, "Ni mzee wa Ulaya aliyeanzisha somo hili, mwalimu." Nikamwuliza mzee huyo alisema nini. "Hilo hatukuandikiwa, mwalimu."

Jibu hilo ndilo chimbuko la makala haya. Kijana yule hakuwa mvivu wala mzito wa akili. Alikuwa amepewa jina bila maneno ya mwenye jina, na amepewa kwa lugha ambayo hakuweza kuiuliza swali. Hata hilo la Ulaya halikuwa sahihi, kwa kuwa Herodotus alizaliwa Halicarnassus, mji uliokuwa katika pwani ya nchi inayoitwa leo Uturuki, yaani upande wa Asia.

Suala ninalokusudia kulijadili ni kama ustaarabu wa Wagiriki na Warumi wa kale unastahili kufundishwa katika madarasa ya kati ya shule zetu. Kwa madarasa ya kati nina maana ya darasa la tano hadi Kidato cha Pili, watoto wa umri wa miaka 11 hadi 15 hivi. Katika miaka ya 1950 hatua inayokaribiana na hiyo ilikuwa na jina lake, "shule ya kati", iliyoanza darasa la tano na kukoma la nane. Maoni yangu ni kwamba ustaarabu huo ufundishwe, tena kwa Kiswahili, lakini Wagiriki na Warumi waingie darasani kama mashahidi wa kuhojiwa, si kama wazazi wa kuamkiwa. Aidha, nashikilia kwamba mtoto wa Mbeya au wa Iringa anazo nyenzo za kuwahoji ambazo mtoto wa London hana.

Kwanza tuwatendee haki waliowaondoa. Wanahistoria waliokusanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akina Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu, walikuta somo la historia ambalo Mwafrika alikuwa akingoja kugunduliwa. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Temu mwaka 1969 kiliuondoa mzigo huo mabegani mwa walimu wengi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na hakuna anayeitakia irudishwe nyuma. Hata hivyo, kosa la mtaala wa kikoloni halikuwa kumtaja Mgiriki. Kosa lilikuwa kumweka Mgiriki kwenye kidato cha juu cha ngazi na Mhehe kwenye kidato cha chini, kisha kumwambia Mhehe apande. Ngazi imeondolewa, na Mgiriki akaondolewa pamoja nayo; zimebaki chembechembe tu, kama lile jina lililopigiwa mstari mwekundu.

Lakini chembechembe hizo hazitoweki kwa kuwa mtaala umezinyamazia. Mtoto wa Rungwe aliyelelewa katika kanisa la Moravian, au wa Tosamaganga aliyebatizwa Ukatoliki, amekwisha kumsikia Kaisari Augusto kila Krismasi na Pontio Pilato kila Pasaka. Pilato alikuwa liwali wa Kirumi katika Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36 B.K., na yaelekea ndiye Mrumi anayetajwa kuliko wote katika Nyanda za Juu Kusini. Mtoto huyohuyo hushabikia Manchester United bila kuambiwa kwamba sehemu ya mwisho ya jina la mji huo imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kambi ya askari. Angeambiwa, angekumbuka kwamba jina Iringa nalo limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Miji miwili, mmoja wa mpira na mmoja wa nyumbani, yote imebeba ngome katika jina lake. Kwa mtoto wa miaka 12 huo ni mwanzo mzuri wa somo.

Turudi kwa Herodotus, maana anayo habari moja ambayo ingepasa ifundishwe Mbeya kabla ya mahali pengine popote. Anasimulia kwamba Neko, mfalme wa Misri aliyetawala yapata mwaka 600 K.K., aliwatuma mabaharia wa Kifoinike wazunguke bara hili kwa bahari, kutoka Bahari ya Shamu hadi Mediteranea. Walitumia zaidi ya miaka miwili, wakishuka pwani kila mwaka kupanda nafaka na kungoja mavuno. Waliporudi walidai kwamba, walipokuwa wakilizunguka bara, jua lilikuwa upande wao wa kuume. Herodotus anaeleza habari hiyo kisha anasema kwamba wengine na waiamini, yeye haiamini.

Kwa nini hakuiamini? Kwa sababu katika nchi zote alizozijua jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Mtu asafiriye kuelekea magharibi katika nchi hizo jua la mchana humkaa mkono wa kushoto. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri la Mbeya liko kaskazini. Mwanafunzi akichomeka fimbo ya mita moja katika uwanja wa shule tarehe 21 Juni, wakati kivuli ni kifupi kuliko saa zote za siku hiyo, ataona kwamba kivuli kinaelekea kusini na kina urefu wa sentimita 63 hivi. Akigeuza uso magharibi, jua liko kuumeni kwake. Jambo ambalo baba wa historia alilikataa, mtoto wa darasa la sita wa Mbeya analishuhudia kabla ya kengele ya chakula.

Naomba msomaji atafakari maana ya kipindi hicho. Mwanafunzi amejifunza kwamba mwandishi mkubwa anaweza kukosea. Kwamba amekosea kwa uaminifu, kwa kuwa aliiandika habari hata baada ya kuitilia shaka. Na kwamba kile alichokidhani ni uongo ndicho wataalamu wengi wa leo wanakiona kuwa dalili ya ukweli wa safari ile. Zaidi ya hayo, amejifunza kwamba mahali alipozaliwa ni mahali pa kupimia maneno ya wakubwa. Sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kumfundisha mtoto uhakiki wa vyanzo vya historia.

Fimbo hiyohiyo haijamaliza kazi yake. Eratosthenes, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria katika karne ya tatu K.K., alilinganisha kivuli cha adhuhuri cha mji huo na cha Syene, mji ulio kusini yake ambao leo ni Aswan. Tofauti aliyoipata ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7 na ushei, na kwa umbali wa miji hiyo miwili akakadiria mzingo wa dunia. Sasa tutazame ramani ya Tanzania. Mbeya na Musoma zimekaa karibu katika longitudo moja, na tofauti yao ya latitudo ni nyuzi 7 na ushei vilevile. Tarehe 21 Juni, fimbo ya Mbeya inapotoa kivuli cha sentimita 63, fimbo ya urefu huohuo kule Musoma hutoa kivuli cha sentimita 46 au 47. Shule mbili, fimbo mbili, simu moja ya mkononi ya mwalimu, na umbali wa moja kwa moja wa kilomita zaidi kidogo ya 800 kutoka kwenye atlasi: darasa litapata jibu lisilo mbali na kilomita 40,000. Nchi yetu imepangika kana kwamba iliwekewa zoezi hilo, nasi hatulifanyi.

Mkoani Iringa nyenzo ni nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliushambulia kwa kuvizia msafara wa Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo na wenyeji, yakamwua na kuangamiza sehemu kubwa ya kikosi chake. Kila mwanafunzi wa Tanzania amelisikia tukio hilo. Wachache mno wamesikia kwamba mnamo mwaka 9 B.K., katika msitu wa Teutoburg, majeshi matatu ya Kirumi chini ya Varus yalivamiwa kwa namna inayofanana na hiyo na makabila ya Kijerumani yaliyoongozwa na Arminius. Wajerumani wa karne ya 19 walimfanya Arminius shujaa wa taifa. Karibu na mji wa Detmold walimjengea sanamu kubwa, na ilipozinduliwa tarehe 16 Agosti 1875 Kaisari wao Wilhelm wa Kwanza alihudhuria. Miaka 16 na siku moja baadaye, askari wa dola hiyohiyo walikutana na Arminius mwingine katika vilima vya Uhehe, nao hawakumtambua. Na tusisahau kwamba cheo cha mfalme waliyemtumikia, ambacho wazee wetu walikitamka Kaizari, ni jina la Julius Caesar.

Linganisho hili halikai sawasawa pande zote, na mwalimu asilisawazishe. Varus alijiua baada ya kushindwa, akakatwa kichwa. Mkwawa, aliyekuwa mshindi wa Lugalo, alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, naye akakatwa kichwa. Kichwa cha Varus kilipelekwa Roma kikazikwa katika kaburi la ukoo wake. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini Roma ilirudishiwa kichwa upesi na Uhehe ukangoja miaka 56 amekwisha kuelewa jambo kuhusu dola ambalo orodha ya tarehe haiwezi kumpa.

Kuna faida nyingine ya kitaaluma. Habari za Teutoburg zinatokana na waandishi wa upande wa Roma tu. Watu wa Arminius hawakuacha maneno yao. Habari za Lugalo tunazo kwa taarifa za Wajerumani na kwa masimulizi ya Wahehe wenyewe. Kwa hiyo, katika suala hili, mtoto wa Kalenga ana utajiri wa vyanzo kuliko profesa wa historia ya Kirumi. Atalijua hilo kwa njia gani ikiwa hakuambiwa kwamba Teutoburg ilikuwapo?

Juu ya uhusiano wa moja kwa moja kati ya dunia ya Kigiriki na Kirumi na pwani yetu nitasema machache, kwa kuwa umeandikwa sana. Mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza B.K., unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, na unaeleza pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa yaliyouzwa huko, na mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa. Unasema pia kwamba manahodha wa Kiarabu walioana na wenyeji na kuifahamu lugha yao. Mwandishi hakuitaja lugha hiyo jina, na idara za Kiswahili zimekuwa zikimlaumu kimoyomoyo tangu hapo. Wataalamu kadhaa wanaiweka Rhapta katika delta ya Rufiji au karibu nayo, na mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za Kirumi zilizopatikana katika eneo hilo. Sasa, Ruaha Mdogo unaopita bondeni chini ya mji wa Iringa huingia Ruaha Mkuu utokao Usangu, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji. Mwalimu asidai kwamba pembe za Rhapta zilitoka Usangu. Ushahidi wa hilo haupo. Anachoweza kusema bila kutia chumvi ni kwamba maji yaleyale yanayopita hapa ndiyo yanayofika kule.

Nije kwenye lugha, ambako ndiko idara zetu zinakohusika. Tangu mwaka 2024 somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeanza kufundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, maana limevunja hoja kwamba historia ya kidato haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili. Ikiwa Lugalo inaelezeka, Teutoburg itashindikanaje? Ninapendekeza vipindi vichache, visivyozidi kumi kwa mwaka, viingizwe ndani ya masomo ya historia yaliyopo, na vifundishwe kwa Kiswahili pia katika Kidato cha Kwanza na cha Pili.

Nyenzo za lugha zipo nyingi kuliko tudhanivyo. Mtoto aketiye darasani ameshika kalamu, neno lililotoka Kigiriki likapitia Kiarabu; anaandika juu ya karatasi, neno lenye safari hiyohiyo. Kandili iliyomwangazia bibi yake asili yake ni Kilatini, na sabuni aliyoogea asubuhi vilevile. Hata neno shule, tulilolipata kwa Wajerumani, Wajerumani walilipata kwa Warumi, na Warumi kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa na maana ya wasaa wa kupumzika. (Wanafunzi watacheka hapo, na wana haki.) Na neno ustaarabu lenyewe lisipite bila kuulizwa. Asili yake ni kufuata mwenendo wa Waarabu, kama vile Wagiriki walivyowaita wasiojua lugha yao watu wa bar-bar. Maneno hayo mawili yakiwekwa ubaoni bega kwa bega, mwanafunzi ataona kwamba kila anayejiita mstaarabu ameanza kwa kumpa jina jirani yake.

Matini ndiyo upungufu wetu. Mwalimu Nyerere alitupa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Samuel Mushi alimfasiri Sophocles katika Mfalme Edipode, mwaka 1971. Kazi hizo ni hazina, lakini ya kwanza inatupa Roma kama alivyoiona Mwingereza, na zote mbili ni tamthilia. Haziwezi kuwa chanzo cha historia kwa darasa la sita. Istilahi nazo hazijatulia. Biblia ya zamani inasema Wayunani, vitabu vya shule vinasema Wagiriki; Kaisari wa kanisani na Kaizari wa tamthilia ni mtu yuleyule, na nimeona mwanafunzi akiwaandika kama watu wawili. Kulisawazisha hilo ni kazi ya wiki moja kwa watu watatu wenye nia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mtaala umejaa, ni kweli, na ndiyo sababu nimeomba vipindi kumi. Walimu hawakusomea hayo. Ni kweli, lakini fimbo na kivuli havihitaji stashahada. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: kwamba tukiufungua mlango huu, ngazi ile ya zamani itarudi kwa jina jipya. Hofu hiyo ninayo mimi pia. Itarudi iwapo tutafundisha marumaru na demokrasia tukaacha kueleza kwamba raia wa Athens alipata wasaa wa kupiga kura kwa kuwa mtumwa alikuwa shambani au mgodini, na kwamba mwanamke wa Athens hakupiga kura kabisa. Itarudi iwapo tutaisifu Roma kwa barabara zake tukanyamaza kuhusu Carthage, iliyobomolewa mwaka 146 K.K., nchi yake ikafanywa jimbo lililoitwa Africa. Jina la bara letu lina asili huko. Mwanafunzi aliyeambiwa hayo yote pamoja hatapanda ngazi ya mtu. Atauliza nani aliiweka hapo.

Kwa kuanzia, idara moja ingetosha kufasiri vipande viwili tu kutoka Kigiriki: aya ya Herodotus kuhusu safari ya Wafoinike na sura za Periplus zinazohusu Azania. Havizidi kurasa tano. Vichapishwe pamoja na maelezo ya zoezi la fimbo, vipelekwe katika shule chache za Mbeya, Iringa na Musoma kabla ya mwezi Juni. Kijana aliyenijibu siku ile amekwisha kumaliza shule, lakini wadogo zake wapo, na jua la adhuhuri bado liko kaskazini.